Si Upo Tu?

Saa moja kasoro wanapita majirani wa Nkuhungu,
viatu vimeng'arishwa, vitambulisho shingoni,
wanawahi basi la Mtumba kabla halijajaa.
Vumbi lao linaingia kwangu bila hodi.
Mimi natoka hadi uani, naangalia tanki la maji, narudi.
Nimeshafika kazini.

Ofisi yangu ni meza ya cherehani ya shangazi Ndahani.
Cherehani iliuzwa, kanyagio limebaki.
Nalikanyaga ninapofikiri,
na hesabu za duka la vipuri la Singida zinasonga
kama mshono ulionyooka.
Risiti wanazipiga picha, wananitumia:
hii imelowa chai, hii nyuma ina namba ya simu
isiyohusiana na nati wala bolti.
Nazisoma zote. Namjua anayedaiwa Manyoni,
namjua aliyelipa nusu akaapa kwa Mungu.

Saa tatu, geti.
"Mama Seche, nishikie mtoto, nafika soko la Majengo mara moja.
Si upo tu?"
Saa nne, fundi bomba:
"Jirani yako hayupo, nikuachie funguo zake,
maana wewe upo tu."
Saa tano, wifi yangu Mbeleje na gunia la karanga.
Hakuomba. Alilitua katikati ya sebule,
akaniuliza kama nimepunguzwa kazi,
kwa sauti ya chini, kama anayeulizia ugonjwa.

Sikupunguzwa. Niliacha.
Miaka sita nilikaa nyuma ya kioo cha kampuni ya mikopo,
mshahara unaingia tarehe ishirini na nane
na kuondoka na wenyewe: nauli, chakula cha mchana,
dada wa kazi, michango ya harusi
za watu ambao ubini wao siujui.
Mwanangu alipiga hatua ya kwanza siku ya Jumanne.
Niliambiwa kwa simu.

Sisemi huku ni peponi.
Umeme ukikatika nahamia kwa kinyozi mwenye sola,
nafunga hesabu za mwezi katikati ya ndevu za watu.
Bando linaisha kama chumvi ya kuazima.
Kuna mwezi Singida walilipa, Kondoa wakanyamaza,
tukala mlenda mchana, tukala mlenda usiku,
hata bakuli likatuzoea.
Na jioni sina pa kurudi, kwa kuwa sikwenda.
Naifunika kompyuta kwa kitenge,
hapo ndipo ninapotoka kazini.

Jana nikibangua karanga za wifi
(ndiyo, nilizibangua)
nikamkumbuka mama, kule Mvumi, mwaka ule wa njaa.
Aliotesha kimea cha uwele, alifinyanga vyungu,
alianika majani ya mlenda juu ya paa la tembe,
akauza kibaba kibaba mlangoni.
Ada yangu ilitoka chini ya mkeka wake,
noti zenye harufu ya moshi, mwalimu akazihesabu mara mbili.
Karani wa sensa alipouliza mama anafanya kazi gani,
baba alijibu kabla yeye hajafuta udongo mikononi:
"Huyu? Hana kazi. Yupo tu."
Karani akaandika.
Mama akamletea maji ya kunywa.

Leo Seche amerudi na fomu ya shule.
Jina la mzazi. Kazi ya mzazi. Dini.
Hakunisubiri. Amejaza mwenyewe kwa penseli,
herufi zimelala kama mahindi baada ya upepo:
YUPO.

Nilichukua kifutio.
Geti likagongwa, nikaliacha ligongwe.
Nikakirudisha kifutio, nikashika kalamu ya wino,
nikaandika mbele yake: KAZINI.
Nafasi ilikuwa finyu. Neno likavuka mstari,
likaingia kwenye dini.